Nilipeleka Datsun 1600 SSS kusawazishwa kabureta, gereji ikazing'oa na kuziuza skrepa

Ndugu wanajukwaa, salamu.

Nimekaa wiki tatu nikijizuia kuandika nikiwa na hasira, lakini hasira haijapungua, na nimeona afadhali jambo hili lijulikane kwa kila mwenye gari la zamani anayeishi Mbeya au anayepita huku kuelekea Tukuyu, Njombe au Iringa. Gereji moja ya hapa mjini, ambayo sitaitaja kwa kuwa bado naidai, imeng'oa kabureta mbili za asili (vifaa vinavyochanganya mafuta na hewa kabla ya kuingia kwenye injini) za gari langu bila kuniuliza, ikafunga kabureta moja iliyotolewa kwenye Datsun 180B, kisha ikaziuza zile zangu kwa kilo kwa wanunuzi wa skrepa, yaani vyuma chakavu.

Gari hili alilinunua marehemu baba mwaka 1976 kwa meneja wa shamba la chai Mufindi. Alilitamani tangu mwaka 1970, Edgar Herrmann na Hans Schüller waliposhinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki wakiendesha Datsun 1600 SSS, gari dogo la milango minne ambalo kwa kulitazama tu usingelidhania la mashindano. SSS ni kifupi cha Super Sports Sedan. Injini yake ni L16 yenye ukubwa wa sisi (cc) 1,595, na kilichoitofautisha na ile ya Datsun 1600 ya kawaida ni hizo kabureta mbili za Hitachi, ambazo kwa hesabu za kiwanda za enzi hizo zilipandisha nguvu kutoka farasi 96 hadi 109. Kwa hiyo anayeziondoa hajabadilisha kifaa kimoja kati ya vingi. Ameondoa kile kinacholifanya gari hilo liitwe SSS. Langu halijawahi kubadilishwa injini, giaboksi wala difu. Rangi ya boneti imepauka, lakini ni ile ya kiwandani, nami nimekataa kulipuliza upya kila niliposhauriwa hivyo.

Nililipeleka gereji kwa sababu tulipanga safari ya siku nne mimi, mama na dada yangu, kutoka Mbeya hadi Matema, kando ya Ziwa Nyasa. Wanaoijua njia hiyo wanaelewa kwa nini kabureta ni jambo la kwanza kuangaliwa: ukitoka mjini, ambako tayari uko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, unapita Uyole na kupanda hadi zaidi ya mita 2,000 kabla ya kuanza kuteremka Kiwira na Tukuyu, na ukifika ziwani uko chini kabisa, kwenye mita 500 hivi. Huko juu hewa ni nyepesi na injini hulewa mafuta; huko chini hali hugeuka. Kabureta za aina hii zina pistoni inayopanda na kushuka kufuata pumzi ya injini, na sindano iliyo chini yake ndiyo inayopima mafuta, hivyo zikisawazishwa vizuri gari hupanda na kushuka pasipo manung'uniko. Maagizo yangu yalikuwa kuzisawazisha na kutia mafuta mepesi kwenye vikombe vyake vya juu. Niliyaandika kwenye karatasi, nikampa fundi mkuu mkononi, naye akayasoma mbele yangu.

Nilikabidhiwa gari Ijumaa usiku, umeme ukiwa umekatika. Nililipa shilingi 380,000 na kuondoka. Niliona mlio umebadilika, ule uvutaji wa pumzi nilioujua tangu utoto haupo, lakini nilidhani ndiyo matokeo ya kusawazishwa.

Asubuhi tulipoanza kupanda kutoka Uyole, gari likaanza kukohoa na kukosa nguvu, na kabla ya kufika Isyonje tulikuwa tunapitwa na malori yaliyobeba viazi. Nilisimama pembeni, nikafungua boneti, na sikuamini nilichokiona. Mahali palipokuwa na vile vikombe viwili vya aluminiamu, ambavyo baba alikuwa akivifuta kwa kitambaa kila Jumamosi, palikuwa na kabureta moja iliyochakaa juu ya manifoldi ngeni, yaani mabomba yanayounganisha kabureta na injini. Gasketi, kile kipande cha kuziba maungio, ilikuwa imekatwa kutoka kwenye boksi la biskuti, maandishi yakiwa bado yanasomeka pembeni, na hewa ilikuwa ikipenya hapo kwa mlio wa nyoka. Fimbo inayounganisha kanyagio la mafuta na kabureta ilikuwa imeungwa kwa waya wa kufungia nondo. Mama, mwenye umri wa miaka 78, alikuwa ndani ya gari hilo, na mbele yetu kulikuwa na mteremko wote wa Rungwe. Waya ule ungekwama tukiwa kwenye kona, ningesema nini leo?

Tulirudi polepole. Jumatatu nilikwenda gereji, na jibu nililopewa ndilo linaloniuma kuliko yote: "Mzee wangu, hizo mbili zilikuwa zinakula mafuta bure, sisi tumekusaidia." Nilipouliza ziko wapi, kijana mmoja akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba vyuma vibovu huchukuliwa kila Jumamosi. Hazikuwa mbovu. Na hata zingekuwa mbovu, kifaa kilichotolewa kwenye gari langu ni mali yangu, na fundi hana haki ya kukipeleka popote kabla sijakiona na kusema sikitaki.

Nilizunguka kwa wapima skrepa wa Mwanjelwa siku mbili, kwa kuwa aluminiamu huyeyushwa haraka na kugeuzwa masufuria. Nilipata kikombe kimoja tu, kimepigwa nyundo ubavuni, bila pistoni yake. Wanaozijua kabureta hizi wanafahamu kwamba kila pistoni ilichongwa pamoja na kikombe chake na haipaswi kuhamishiwa kwenye kingine, kwa hiyo nilichookota ni ukumbusho tu.

Ninachodai kwa gereji hiyo, na wanajisoma hapa, ni kurudishiwa fedha zangu zote, kulipiwa gharama ya kabureta mbili kamili pamoja na manifoldi yake popote zitakapopatikana, na kuandikiwa kwa maandishi kilichotolewa kwenye gari, kiliuzwa kwa nani na kwa kiasi gani. Wameniahidi mara mbili "njoo kesho kutwa". Sitakwenda tena bila shahidi.

Na kwenu wanajukwaa, hasa mlioko Makambako, Njombe, Songea na Tunduma, ambako magari ya miaka hiyo bado yamelala nyuma ya nyumba za wazee: mwenye kuzijua kabureta za SSS, hata zilizoshika kutu, naomba aniandikie hapa kabla hajazigusa. Nitazifuata mwenyewe. Kesho nitaweka picha za kile kikombe nilichokiokota, pande zote, ili anayekijua aweze kukilinganisha.