CT ya mzee ilikuwa safi, MRI ikaonyesha kiharusi. Tuamini ipi?

Kijana wa Kirumba: Wakuu, heshima kwenu. Mzee wangu, fundi wa kuchomelea pale Mwaloni, alilala mzima saa 4 usiku. Saa 11 alfajiri mama anamwamsha, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauinuki. Akapigwa CT (picha ya kichwa kwa eksirei), tukaambiwa hakuna damu, ubongo uko sawa. Kesho yake MRI (picha ya mashine ya sumaku) ikaonyesha kiharusi upande wa kushoto. Ndugu wanagombana nyumbani: CT ilikuwa mbovu? Si tungeanza na MRI tu?

Fundi Picha: Pole, mdogo wangu. Hizo picha ndiyo kazi yangu hapa Mwanza. CT haikuwa mbovu. Inaulizwa kwanza: mshipa umepasuka au umeziba? Damu iliyovuja inaionyesha kwa dakika chache. Ukiziba, saa za mwanzo CT mara nyingi hutoka safi.

MRI ina picha iitwayo DWI, inafuatilia maji yanavyotembea ndani ya ubongo. Damu ikikatika seli zinavimba, maji yanabanwa, na sehemu hiyo inang'aa nyeupe mapema sana. Tunaangalia na ramani ya ADC, inayopima huko kutembea kwa maji: hapohapo pakiwa peusi, kiharusi ni kipya, si kovu la zamani.

Utamu wake uko kwa mtu aliyeamka nacho, kama mzee. Picha nyingine ya MRI, FLAIR, hubadilika baada ya saa kadhaa. DWI nyeupe, FLAIR bado safi? Yawezekana saa 4 na nusu hazijapita tangu kianze, na dawa ya kuyeyusha bonge la damu ikafikiriwa. Utafiti wa WAKE-UP, Ulaya, 2018, ulijengwa juu ya hilo. Sasa mashine hiyo alfajiri, nani yuko zamu? CT lazima itangulie.

Halafu mzee anachomelea. Waliuliza kama ana chembe ya chuma jichoni? Sumaku ya MRI huisogeza.

Kijana wa Kirumba: Waliuliza, akapigwa eksirei ya macho. Mama akanuna, mgonjwa wa kichwa macho ya nini!

Mama wa Sengerema: Wanangu, sisi tukifika Mwanza saa zimeshakwisha. Picha bado ina maana?

Fundi Picha: Ina maana, mama. Inaonyesha eneo lililokufa na mshipa ulioziba. Ila mkiondoka nyumbani andikeni saa ambayo mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho, siyo saa aliyokutwa ameanguka.

Kijana wa Kirumba: Asante, kaka. Wameandika na utrasaundi ya shingo na kipimo cha moyo. Navyo lazima?

Fundi Picha: Lazima. Bonge lina lilikotoka. Kama ni moyo unaodunda ovyo, dawa yake si ile ya mshipa wa shingo.