MREJESHO: Kupima pumzi ya wakimbiaji kwa data za saa

Wakuu, nimerudi. Kwa ambao hawakuwepo: niliuliza namna ya kutumia data za saa za mkononi kufuatilia pumzi ya wakimbiaji ninaowanoa hapa Arusha, maana makadirio ya VO2max (kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia kwenye mazoezi makali) yalikuwa yanapanda na kushuka bila mpangilio.

Aliyesema nianze na kihisi (kile kinachosoma mapigo ya moyo kwenye saa) kabla ya kugusa programu, ubarikiwe sana. Kuna kijana saa ilikuwa inamwandikia mapigo 180 kwa dakika kwenye mbio nyepesi kabisa, anapiga stori huku anakimbia. Kumbe inahesabu hatua zake badala ya mapigo ya moyo! Tulipomfunga mkanda wa kifuani, ikasoma 140 na kitu.

Ushauri wa kuachana na mitandao ya neva (programu tata zinazojifunza zenyewe kutoka kwenye data) na kutumia rigresheni ya kawaida (hesabu ya kutafuta uhusiano, hapa mapigo dhidi ya kasi, mwinuko wa njia na joto) nao umekubali. Kwa kasi ileile, mapigo yakiwa yanashuka wiki hadi wiki, najua mtu anaiva. Jaribio la Cooper la dakika 12 (mtu anakimbia umbali mrefu kadiri awezavyo kwa muda huo) linakubaliana nayo kwa wengi, si wote.

Palipogoma ni Dar. Modeli, yaani hiyo rigresheni, imejifunza kwa data za huku Arusha, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na ubaridi wake. Tuliposhuka kwenye joto na unyevu wa pwani ikawaona wote wamechoka. Kule nilirudi kwenye mapigo ya asubuhi, kabla mtu hajatoka kitandani, na kumuuliza tu amelalaje.

Mwenye data za mazoezi ya pwani, tafadhali tuwasiliane. Asanteni sana.