Mrejesho: ile sekondari ya binti yangu iliyotaka kufungwa

Wakuu nimerudi. Niliwaomba ushauri mwezi ule bodi ya elimu ya wilaya yetu huku Marekani ilipotaka kufunga shule mbadala ya serikali anayosoma binti yangu, ile ya madarasa madogo kwa watoto waliopungukiwa krediti (pointi za masomo) za kuhitimu. Aliyeniambia nidai mkalimani kwa sheria ya haki za kiraia ya 1964, ubarikiwe sana, walileta Mkongomani mmoja fundi kweli, nikapewa dakika zangu mbili kwenye maiki mbele ya bodi, karatasi yote imelowa jasho. Petisheni haikusaidia kitu, hata hawakuigusa. Kilichowalainisha ni vijana waliomaliza pale, walijipanga foleni kuongea. Shule imeongezewa mwaka mmoja, ila jengo limeenda, tunahamia ghorofani kwa shule nyingine na basi la asubuhi limefutwa. Asanteni jamani.