Goba au Kigamboni: nyumba ipi itatufaa sisi wa Kariakoo?

muuza_kanga: Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kabla ya kutoa hela. Duka liko Kariakoo, linafunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Nyumbani tuko sita: watoto wawili wa shule ya msingi, na mama mzazi anayeumwa magoti na hawezi kuishi bila kuku wake wawili watatu. Gari ni moja. Nyumba zimebaki mbili. Ya Goba ina hati, ila iko kwenye mteremko, na kutoka getini hadi mlangoni kuna ngazi 12. Ya Kigamboni, ndani kidogo kutoka Mjimwema, ni tambarare, ina uwanja mpana na kisima, na bei yake iko chini kwa milioni 12. Karatasi yake ni mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa tu. Mngechagua ipi?

Kituo_cha_Mwisho: Dada, anza na saa kabla ya bei. Toka kwenye kila nyumba saa 11 na nusu alfajiri, siku ya kazi, kwa usafiri mtakaoutumia kweli, uone unafika Kariakoo saa ngapi. Ukitoka Goba unaweza kushuka Kimara na kupanda mwendokasi wa Gerezani, unakuwa umefika dukani. Kigamboni njia za karibu ni mbili, pantoni au Daraja la Nyerere. Pantoni ina foleni yake. Darajani gari linalipiwa, kwa hiyo zidisha tozo ya kwenda na kurudi kwa siku 26 za mwezi, ujumlishe na mafuta. Rudi tena Jumamosi saa 4 usiku usikilize kama kuna baa inayopiga muziki karibu na chumba atakacholala bibi. Dalali hawezi kukupeleka saa hiyo, nenda mwenyewe.

Fundi_Saruji: Nizungumzie nyumba yenyewe. Kigamboni adui ni chumvi na maji yaliyo karibu na uso wa ardhi. Chuchumaa uangalie ukuta kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno. Ukiona unga mweupe, rangi iliyovimba kama malengelenge, au plasta inayopukutika ukiikwaruza kwa kucha, unyevu unapanda kutoka kwenye msingi. Kupaka rangi upya hakuuzuii. Rangi ikiwa mpya chini tu, jihadhari zaidi. Bandika nailoni ya nusu mita kwa nusu mita ukutani, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, iache saa 24. Matone yakiwa upande wa ukutani, unyevu unatoka ndani ya ukuta.

Kisima usikionje mara moja. Onja ndoo ya kwanza, acha pampu ifanye kazi saa moja, kisha onja tena. Karibu na bahari, ukivuta sana, maji ya chumvi yaliyo chini hupanda, na hapo sabuni haitoi povu. Kisima kiwe mbali na karo (shimo la maji taka), angalau mita 30, na usihesabu karo lako peke yake, la jirani nalo lihesabu. Uliza karo linanyonywa mara ngapi wakati wa masika. Likijaa kila mvua ikinyesha, ardhi imeshiba maji na shimo halina pa kuyapeleka.

Goba usiridhike na kuona bomba limefika uani, uliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki. Watu sita wakitumia lita 100 kila mmoja ni lita 600 kwa siku, kwa hiyo simtanki la lita 5,000 linawapeleka siku nane. Tazama pia ukuta unaozuia udongo upande wa juu. Ukikosa matundu ya kutoa maji, masika udongo utausukuma.

muuza_kanga: Ahsante sana. Zile ngazi 12 za Goba, naweza kuweka njia ya mteremko kwa ajili ya mama?

Fundi_Saruji: Pima kwanza. Ngazi moja ikiwa sentimita 17, zote ni takriban mita 2. Mteremko salama hupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu, kwa hiyo unahitaji kama mita 24, bila kuhesabu sehemu za kupumzikia. Kiwanja kidogo hakitoshi. Angalia kama gari linaweza kuingilia upande wa juu na kumshusha mlangoni. Kama haliwezi, mama atakuwa mfungwa wa ndani, na kuku atawasikia tu.

Mpimaji_wa_Viwanja: Mimi naogopa karatasi kuliko chumvi. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi wa mauziano. Muhuri wake haukupi milki. Kwa Kigamboni, mpe kazi mpima aliyesajiliwa achukue vipimo vya kona nne, avilinganishe na mchoro wa mipango miji pale halmashauri. Huko ndiko utakakojua kama ni eneo la makazi, la wazi au la barabara. Barabara kuu na za mikoa zina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati, na kandokando ya mto au bahari kuna katazo la mita 60. Ukiona alama ya X ya kubomoa kwa jirani, usipite bila kuuliza.

Goba, usiamini nakala ya hati. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati uone jina la mmiliki, rehani na zuio. Dai risiti za kodi ya pango la ardhi. Muuzaji akiwa na ndoa, mwenza aridhie kwa maandishi, la sivyo mauzo yanaweza kupingwa mahakamani.

Milioni 12 unazookoa Kigamboni zipigie hesabu ya upimaji na hati. Mchoro ukikataa eneo hilo, hata punguzo la milioni 40 halifai.

muuza_kanga: Basi naanza na mchoro, kisha nailoni ukutani. Mama nitampeleka Goba apande ngazi mwenyewe.

Fundi_Saruji: Mpeleke jioni akiwa amechoka. Na upime mlango wa choo kote kuwili. Ukiwa chini ya sentimita 80, siku akihitaji kiti cha magurudumu hakitapita.