Kwa nini maikrotubuli ina plasi na mainasi ila keratini haina?

mwakapili_bio: Wakuu habari zenu, naomba msaada. Mwalimu kapita mbio kwenye kiunzi cha seli (mirija na nyuzi za protini zinazoipa seli umbo), kasema maikrotubuli, yaani hiyo mirija, ina ncha ya plasi inayokua haraka na ya mainasi inayokua taratibu, alafu kufika kwenye nyuzi za kati kama keratini ya nywele anasema hizi hazina plasi wala mainasi, slaidi ikapita. Si zote protini tu jamani? Tofauti inatoka wapi

Fundi Seli: Mkuu usianze na uzi mzima, anza na kipande kimoja. Tubulini, protini inayojenga maikrotubuli, inakuja kwa jozi, alfa na beta, jozi ina urefu wa kama nanomita 8, na pande zake hazifanani. Zikipangana alfa ya huyu inakalia beta ya yule, hakuna namna nyingine, kwa hiyo ncha moja lazima iishie na beta (ndo plasi) na nyingine alfa. Safu hizo zikikaa bega kwa bega, mara nyingi 13, zinajifunga kuwa mrija wa nanomita 25.

Keratini sasa, minyororo yake ni mirefu myembamba, miwili inajisokota pamoja, hapo bado ina kichwa na mkia, ila jozi mbili zikikutana zinalala mzungu wa nne. Huku kuna kichwa na mkia, kule pia kichwa na mkia, sasa plasi utaitoa wapi?

Mama Tatu: Na ndo maana kinesini na daineini (protini zinazobeba mizigo ndani ya seli) zinatembea kwenye maikrotubuli na sio kwenye keratini. Kwenye akisoni (mkia mrefu wa seli ya neva) ya mguu, karibu mita nzima hiyo, kinesini inapeleka mzigo kuelekea plasi, daineini inarudisha. Bila mwelekeo mzigo ungepotea njiani

mwakapili_bio: Aisee nimeelewa, asanteni. Ila mbona huo mrija unabomoka ghafla wakati ulikuwa unakua vizuri tu?

Fundi Seli: Hiyo wanasayansi Mitchison na Kirschner waliionyesha 1984. Kila tubulini imebeba GTP (molekuli ndogo yenye fosfeti tatu), ya alfa imefungiwa katikati ya jozi haiguswi, ya beta iko wazi mpaka jozi nyingine ije kukaa juu yake, na alfa ya huyo mgeni ndo inasaidia kuivunja iwe GDP (fosfeti mbili). Jozi yenye GDP inataka kupinda ila ukuta umeibana, kinachoizuia ni zile chache za nchani ambazo bado zina GTP. Hizo zikiisha, safu zinachanuka nje na mrija unabomoka

daktari_mtarajiwa: Naongezea kidogo, wafamasia wanatumia hapohapo. Kolkisini, dawa ya gauti (jongo), inajibana kati ya alfa na beta, jozi inabaki imepinda haiwezi kunyooka ikakaa ukutani. Paklitakseli, dawa ya saratani, ni kinyume chake, inashika beta mrija ukiwa tayari umejengwa na kuuzuia usibomoke, seli ikitaka kugawanyika inakwama kwa sababu kugawanya kromosomu kunahitaji mirija inayojengwa na kubomolewa muda wote