Laptopi imekataa kuwaka, nitaweka Windows upya aje bila kupoteza vitu zangu?

Mwalimu_Kondele: Habari zenu wasee. Niko Kisumu. Juzi stima ilipotea laptopi ikiwa katikati ya apdeti, na betri ilikufa kitambo huwa natumia chaja tu, sasa nikiwasha inazungusha vile viduara halafu inajizima na kujiwasha tena. Ni HP, Windows 10. Fundi wa hapa karibu anasema ni kufomati tu, nikamuuliza na vitu zangu je, akacheka. Ndani kuna marks za wanafunzi za miaka mitatu na picha za matanga ya nyanya yangu ambazo hakuna mtu mwingine ako nazo. Zote ziko desktopu. Nifanye aje?

FundiSection58: Mwalimu usimpe huyo mtu mashine yako hata dakika moja. Windows kukataa kuwaka si eti faili zimeenda, ziko tu hapo kwa diski. Toa vitu kwanza, mambo ya Windows baadaye. Ukiwa na kompyuta ya rafiki, pakua Ubuntu (mfumo wa bure unaowaka kutoka kwa flashi badala ya Windows) uiandike kwa flashi na programu inaitwa Rufus (hiyo flashi itafutwa yote, kwa hivyo isiwe ile ya kazi). Chomeka kwa HP, washa ukigonga Esc halafu F9, chagua flashi. Ikiuliza, sema unataka kuijaribu, USIBONYEZE ya kuinstoli. Kisha fungua diski yako, ingia Users, jina lako, kopi kila kitu kwa hard disk ya nje.

nyakach_geek: Hata bila Ubuntu inawezekana. Izime kwa nguvu mara tatu hivi ikiwa inajaribu kuwaka, italeta yenyewe skrini ya kujirekebisha. Ingia pale kwa skrini nyeusi ya kuandika amri, andika notepad, fungua File, Open, weka ionyeshe faili zote, na hapo unaweza kukopi na kupesti kwa flashi kama kawaida. Itaonekana ni kama imeganda, haionyeshi imefika wapi, wewe ngoja tu. Na herufi za diski zinaweza kubadilika, C yako ukaipata ikiitwa D, usishtuke.

Mkakamega_mtulivu: Kitu mmesahau ni BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga diski yote. Binamu yangu alifuata maneno kama haya, akaulizwa ufunguo wa namba 48 akabaki ameduwaa. Huo ufunguo mara nyingi umehifadhiwa kwa akaunti yako ya Microsoft, ingia na simu uuangalie kabla ya kugusa chochote. Na video ikizidi 4GB, flashi iliyofomatiwa kwa mtindo wa FAT32 itaikataa, ifomati kwa mtindo wa exFAT ikiwa bado tupu.

Mwalimu_Kondele: Nimetumia ile ya notepad, haikuniuliza ufunguo. Lakini jamani folda ya Desktop iko TUPU. Nimekaa chini.

FundiSection58: Simama mwalimu 😂 Angalia ndani ya folda ya OneDrive (ile hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft), palepale chini ya jina lako, kuna Desktop nyingine. Ukiwasha OneDrive huwa inahamisha desktopu huko bila kelele.

Mwalimu_Kondele: ZIKO! Hata picha za nyanya zote. Asante sana kaka. Sasa nifomati ama nitumie ile riseti inasema itabakisha faili?

FundiSection58: Jaribu riseti kwanza, faili zako zitabaki ila programu zote za kuinstoli zitaenda, Ofisi pia kama uliiweka mwenyewe. Leseni usijali, Windows ikiwa ilikuwa halali itajitambua tena ukiingia mtandaoni. Riseti ikikataa ndio ufomati. Na kwa sababu Microsoft waliacha kuipa Windows 10 apdeti za kawaida 14 Oktoba 2025, angalia kama mashine inakubali 11, inataka TPM 2.0, yaani chipu ya usalama ndani ya mashine. Halafu tafadhali nunua betri.

Mwalimu_Kondele: Betri mwisho wa mwezi. Riseti iko 34%, chaja nimeishikilia na mkono.