Tupeane uzoefu: Kitu ulichokipenda utotoni, ukubwani wapenzi wake wakakutoa hamu

Dereva wa Mchangani:

Wakuu, habari za jioni. Siasa tuziweke pembeni leo, nina uzi wa kizembe kidogo.

Baba yangu alikuwa dereva wa misheni huko Morogoro vijijini. Mwaka 1984 padri mmoja wa Kizungu alipokuwa anarudi kwao alimwachia mzee kifurushi cha makorokoro, na ndani yake kulikuwa na kigari cha chuma, Land Rover ya kijani, kirefu kama kidole gumba. Chini kimeandikwa Lesney, England. Lesney ndiyo kampuni iliyotengeneza vigari vya Matchbox, na hiki ni Matchbox yenyewe ile ya zamani. Tulikuwa watoto sita na kigari kimoja, kwa hiyo kilikwenda kwa zamu kama bomba la maji la mtaa. Kilipita kwenye mchanga, kwenye majivu, hata kwenye uji wa mdogo wetu wa mwisho. Baada ya mwaka rangi yote ilishaisha, kimebaki chuma kitupu kinang'aa kama jino. Ninacho mpaka leo.

Mwaka 2021 nikapata vijisenti, nikaanza kununua vigari vile mtandaoni, vya zamani pamoja na Hot Wheels za sasa. Mtu akaniunganisha na kundi la WhatsApp la wakusanyaji. Nikajua nimefika kwetu. Kwa shauku nikawaandikia kile kisa cha Jack Odell wa Lesney: shuleni kwa binti yake mtoto aliruhusiwa kwenda na kichezeo kinachoenea kwenye kiberiti tu, basi baba mtu akamtengenezea kigari cha saizi hiyo, na kuanzia 1953 vikaingia sokoni ndani ya viboksi mfano wa kiberiti. Yaani biashara yote ile chanzo chake ni mtoto aliyetaka kwenda na kitu mfukoni.

Jibu la kwanza: "Hiyo kila mtu anaijua." La pili: "Weka picha za vyako. Mbele, nyuma, chini."

Nikaweka. Nikaulizwa magurudumu ni ya plastiki ya kijivu au nyeusi, maana bei hazilingani. Nikaulizwa kona ya kadi, yaani ile karatasi ngumu gari linayouzwa nayo, imepinda au macho yao tu. Kuna wawili waligombana siku tatu kwa rangi ya kitako cha gari, mpaka mmoja akajitoa. Karibu miaka mitatu nimekaa mle, sikumbuki mtu kuandika "hiki nakipenda". Siku niliyoweka ile Land Rover ya mzee, jamaa akajibu, "Hicho kapime kilo mkuu, chuma chakavu kina bei siku hizi." Wakacheka. Nadhani ndiyo siku pekee nilisikia kicheko mle ndani.

Sasa Jumapili dada kaja na mwanawe wa miaka mitano. Niko bafuni, nasikia "paa!" Ukikusanya vitu hivi unaijua sauti hiyo, ni plastiki inabanduka kwenye kadi. Natoka na taulo kiunoni, nakuta dogo kafungua Treasure Hunt. Kwa wasiojua, huo ni mfululizo wa Hot Wheels ulioanza 1995, wanavichanganya vichache vichache na vya kawaida ili watu wazima wagombane madukani. Dogo kalala kifudifudi, shavu limegusa mkeka, jicho moja kafumba, gari linapita kwenye mshono wa mkeka taratibu. "Mmmmmm... ng'a... mmmmmm." Alikuwa anabadilisha gia! Gari la mama yake ni otomatiki, sijui gia kaijulia wapi.

Nilishaanza kupiga hesabu ya hasara kichwani, halafu ikanijia kwamba nyumbani kwangu kuna magari zaidi ya mia na sijawahi kusikia hata moja likinguruma.

Jioni ile ile nikatoka kundini. Karibuni, ni nani mwingine yamemkuta?

Ringi na Kijiti:

Sisi tulioendesha ringi ya baiskeli kwa kijiti hatuna kundi, hatuna kadi, na kona zetu zote zimepinda. Tunasoma tu 😂

Fundi Seng'enge:

Mkuu umenichoma, kwa sababu mimi ndiye yule jamaa wa kundini. Tofauti ni kwamba mimi ni wa magari ya waya.

Songea tulitengeneza kwa seng'enge, unatoa miiba mmoja mmoja kwa jiwe. Magurudumu ni malapa yaliyokufa, unachora duara kwa kopo la dawa ya viatu, unakata kwa wembe. Taa ni vizibo vya soda. Usukani una mti mrefu mpaka kifuani, umefungwa na mpira wa tyubu, ukikata kona na magurudumu ya mbele yanakata. Gari lisilokata kona tuliliita kitanda, na mwenye kitanda alitembea nyuma ya msafara akila vumbi.

Mwaka jana mwanangu, darasa la nne, akaniambia baba nifundishe. Nilifurahi jamani. Nikanunua waya, tukakaa barazani. Akataka lori lake liwe na mabawa. Nikamwambia lori halina mabawa. Akataka magurudumu ya vifuniko vya chupa za maji. Nikamwambia hayo siyo, kalete malapa. Nyumba nzima hakuna malapa, wote wanavaa yeboyebo. Akaleta yeboyebo lililokatika, nikakataa, nikasema haikatiki duara safi. Akanyamaza, akawa ananishikia koleo tu.

Saa nne usiku nikamaliza. Zuri, sijawahi kutengeneza gari zuri vile, hata springi liliwekwa. Lakini dogo alishalala tangu saa mbili. Asubuhi nikalipiga picha, nikaandika "Watoto wa siku hizi hawajui raha", watu wakanisifia. Gari liko juu ya kabati la tivii mpaka sasa. Hajaligusa hata mara moja, na ukweli ni kwamba akiligusa nitamwambia aangalie springi.

Bin Mtwapa:

Mie changu ni Optimus Prime. Ami yangu alikuwa akifanya kazi Dubai, akaja nacho likizo nikiwa na miaka minane. Zile roboti zilianza kuuzwa kwa jina la Transformers 1984, Hasbro ya Marekani ilizichukua kwa Takara ya Japani ikazipachika majina na visa. Lori jekundu, ukilikunjua lasimama mtu. Mtaa mzima walikuja kulikunjua. Nyanya yangu alikataa wiki nzima, asema ni mchezo wa mashetani, kisha siku moja n'kamkuta peke yake ukumbini, tasbihi shingoni, amelishika lori kwa nguvu ataka kumtoa kichwa. Akamtoa. Akasema, "Alaa! Kumbe alikuwa mumo humo."

Sasa n'kaja Uingereza, n'kaanza kwenda kwenye masoko ya mashabiki. Ndugu zangu, wale watu wana majonzi! Mwaka 1996 ilipotoka Beast Wars, toleo la roboti zinazogeuka wanyama, kiongozi akawa sokwe badala ya lori, na watu wazima wenye ndevu walikasirika mpaka kukawa na msemo wao, lori, si nyani. Miaka mingapi imepita na bado utawasikia. Ikaja ile filamu ya 2007, roboti mwengine, Bumblebee, ambaye asili yake ni Volkswagen Beetle akafanywa Chevrolet Camaro, matanga yakaanza upya. Nyanya angeambiwa lori limekuwa sokwe angeuliza tu, "Lageukaje?"

La mwisho lilon'tia adabu ni hili. N'linunua sokoni roboti ya zamani, boksi halijafunguliwa, mwilini ina plastiki ya rangi ya dhahabu. Muuzaji akanishika mkono, usiifungue, usiifungue. N'kafika nyumbani n'kaifungua. Kuinua mkono, bega likakatika kama biskuti. Kugusa paja, paja nalo. Baadaye ndiyo n'kaelezwa kwamba ile plastiki ya dhahabu inayometameta ya miaka ile huoza yenyewe, hata ikae boksini bila kuguswa na mtu. Mashabiki wameipa jina kabisa, kama jina la maradhi. Na watu huzipeleka hizi roboti zikapimwe, zifungiwe ndani ya akriliki, zipewe alama, 85 kwa 100. Tangu siku hiyo nikiona boksi lililofungwa nasema kimoyomoyo, humo mna mtu au mna maiti?

Gunzi la Babati:

"Kumbe alikuwa mumo humo" 😂😂 Mungu amrehemu nyanya.

Mimi midoli yangu ilikuwa magunzi. Unachukua hindi bichi lenye ndevu ndefu, ndevu ndiyo nywele, unasuka, unambeba mgongoni na kitambaa. Anaishi siku nne tano, akinyauka unamzika unaenda shambani kuchuma mwingine. Ukiharibu mahindi ya mama unachapwa, kwa hiyo kila mtoto wangu alikuwa na gharama yake.

Niko Marekani sasa, nalea wazee. Kuna bibi mmoja nilikuwa nakaa naye, ana Barbie kabati zima la kioo, nyingine za miaka ya sitini, hazijatoka kwenye boksi. Wajukuu wakija wanakaa sofani mikono mapajani kama wako kanisani. Kila Alhamisi kazi yangu ilikuwa kufuta vumbi kwenye vioo, ila maboksi nisiguse, anafuta mwenyewe kwa brashi ya kupakia poda.

Siku moja nikamsimulia habari za magunzi. Akanyamaza, halafu akasema nitengenezee. Kiangazi kile mahindi yalikuwa sokoni na maganda yake, nikanunua matatu, nikamsukia vizuri, nikamvisha leso. Nikamkabidhi nikitegemea atampa mjukuu wake wa kike, alikuwepo siku ile, kakodoa macho.

Bibi akafungua kabati akamweka ndani, kati ya Barbie wawili.

Baada ya siku kumi akaota ukungu, ukaanza kusambaa kwenye boksi la jirani yake. Hapo ndipo niliposikia yule bibi akipiga kelele kwa mara ya kwanza.

Bila Kadi:

Nimecheka hadi nimemwamsha mwenye nyumba, anauliza kuna nini.

Mwenye Boksi:

Mnatuonea. Wacha niongee kwa niaba ya hao mnaowaita hawana furaha.

Mimi nimelelewa nyumba ya shangazi, wao wana watoto. Kila kichezeo nilichopata kilikuwa kimeshachoka: gari bila magurudumu mawili, mdoli bila mkono, kile kimchezo cha matofali kinachotaka betri nacho kitufe cha kushoto kilikuwa hakibonyei, nikajifunza kucheza kulia tu. Sikuwahi kufungua boksi la kitu chochote mpaka nilipoajiriwa. Boksi nililiona tu likitupwa.

Kwa hiyo ninapokaa usiku na Hot Wheels yangu haijafunguliwa, kona nne zimenyooka, nashika ile kadi kama ilivyotoka kiwandani, ninyi mnaona mtu amenuna. Mimi hapo nina miaka saba. Kwamba sicheki ni sura yangu.

Dereva wa Mchangani:

Mwenye Boksi, umenikalisha chini. Nimesoma mara mbili. Pale kundini sikuwahi kumuuliza mtu hata mmoja alichezea nini, na mimi niliingia na kisa cha Odell kama mwalimu.

Ila yule wa chuma chakavu simsamehi.

Mwenye Boksi:

Huyo hata mimi simsamehi. Lete picha ya hiyo Land Rover.

Dereva wa Mchangani:

Iko kwa dogo, kaenda nayo Kimara. Nilimpa achague, ile ya Treasure Hunt au hii. Kachukua hii, anasema ile nyingine inateleza sana.

Fundi Seng'enge:

Jamani nimerudi. Nimelishusha gari kwenye kabati, nimempa dogo koleo nikamwambia fanya utakavyo. Kang'oa springi. Anaweka mabawa. Nimetoka nje nimekaa na simu, sitaki kuangalia.

Tatizo waya umeisha na ananidai mwingine. Dar seng'enge inauzwa kwa mita wapi? Dukani wananipa roli zima.

Ringi na Kijiti:

Achana na seng'enge, itamchana mikono. Nenda popote wanapojenga, muulize fundi waya wa kufungia nondo, vipande wanavyotupa wanakupa bure. Kwa mabawa chukua mwembamba, ukunje mara mbili.